Akiba haiozi? Waulizeni wa Kabanga

Ndugu msomaji, methali ni mali ya wote, lakini si kila methali hufaa kila mahali. "Akiba haiozi" tulifundishwa tungali wadogo wa darasa la kwanza, na hadi leo ukikutana na mtu anayeuza bima atakuanzia hapo hapo. Aliyeitunga huenda alikuwa na fedha mkobani, au alikuwa mla ulezi. Hakuwa mla mahindi. Akiba ya mahindi huoza, hutobolewa, huota ukungu, hugeuka vumbi ndani ya gunia lililoshonwa vizuri, na mara nyingine huwaua wale wale waliokusudiwa kuokolewa nayo.

Juma hili naomba tupande wote hadi nyanda za juu za Kigoma, Kabanga, jirani na mji wa Kasulu. Wengi wa mjini wanaijua Kabanga kwa hospitali yake ya misheni na chuo chake cha ualimu. Mimi naiendea kwa jambo jingine, nalo ni historia ya ghala. Maana katika vilima hivyo vya Kasulu na Kibondo, ndani ya umri wa mtu mmoja kuzaliwa na kuzeeka, akiba ya chakula imehama mikono mara kadhaa, na kila ilipohama ilibidi watu wajifunze upya namna ya kuitunza, aghalabu kwa kuumia kwanza.

Tuanze na hesabu. Chukua nyumba ya watu sita. Kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, mpe nusu kilo ya nafaka kwa siku. Hizo ni kilo tatu. Mahindi makavu kule huvunwa kati ya Mei na Julai, na mahindi mabichi ya msimu mpya hayaonekani kabla ya Februari. Katikati pana miezi minane, yaani siku 240 hivi. Zidisha: kilo 720. Ni magunia saba ya kilo mia mia na kidogo juu yake, bila kuhesabu mbegu, bila mgeni, bila msiba, bila ada ya shule. Kwa hiyo swali la Kabanga halikuwa kamwe kwamba tutalima nini. Udongo upo, na mvua ya kuanzia Novemba hadi Mei kwa kawaida haikosi. Swali ni magunia hayo saba yatalala wapi, na nani atayalinda siku zote 240.

Wazee wa Uha walilijibu swali hilo kwa kuchagua nafaka yenyewe. Kabla mahindi hayajatawala, ulezi na mtama ndivyo vilivyojaza vihenge. Ulezi ni nafaka ya ajabu. Punje yake ni ndogo mno na ngumu, fukusi hana nafasi ya kutaga yai na kulea mtoto ndani yake. Ukiukausha sawasawa ukautenga na maji, unaweza kukaa miaka kumi na bado ukasagwa, ukapikwa uji, ukanyweka. Nyumba yenye ulezi wa miaka mitatu haikuitwa nyumba ya bahili. Iliitwa nyumba. Hapo methali yetu ilikuwa kweli tupu.

Kihenge chenyewe, ambacho Waha na jirani zao Warundi hukiita ikigega, kilikuwa kapu kubwa la fito lililoinuliwa juu ya mawe au vigingi na kuvikwa paa la nyasi. Mtu wa mjini akikiona atadhani ni urembo wa kijijini, lakini kila kipande kina kazi. Vigingi vinazuia unyevu wa ardhini na kumpa panya shida ya kupanda. Udongo uliochanganywa na samadi huziba matundu. Paa hushuka chini kupita ukuta ili mvua ya Machi, ile inayopiga kwa ubavu, isiguse nafaka. Maharage yalichanganywa na jivu la jikoni, na wengine mpaka leo hufanya hivyo. Jivu hujaa katikati ya punje, mdudu akitambaa linamkwaruza ngozi mpaka anakauka, tena halimwachii nafasi ya kutembea kumtafuta mwenzake. Kule chini ziwani, penye michikichi, mafuta kidogo ya mawese yaliyopakwa juu ya maharage hufanya kazi hiyo hiyo, kwani yai la mdudu likifunikwa na mafuta halianguliwi. Hakuna aliyeandika kitabu juu ya mambo hayo. Mama alimwonyesha binti, na aghalabu mama ndiye pekee aliyejua kina cha kihenge kimefika wapi.

Wala si Waha peke yao. Katika milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, Wainka walijenga maghala kwa mamia kwenye miteremko inayopigwa na upepo, ya mviringo kwa mahindi na ya pembe nne kwa viazi, na viazi vyenyewe walivigandisha kwa baridi ya usiku na kuvianika mchana mpaka vikawa vikavu kama kokoto. Tofauti ni kwamba ghala la Muinka lilikuwa la dola. Kihenge cha Muha kilikuwa cha nyumba, hatua kumi kutoka mekoni.

Nisieleweke vibaya, sisemi kwamba zamani hapakuwa na njaa. Kihenge hakina kinga dhidi ya nzige, wala dhidi ya bunduki. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, majeshi ya pande zote yalikula njiani yalikopita. Wagogo waliachiwa njaa waliyoiita Mtunya, iliyoua watu kwa makumi ya maelfu kati ya 1917 na 1920, na chanzo chake hakikuwa ukame peke yake. Nafaka, ng'ombe na wapagazi vilikuwa vimekwisha chukuliwa. Kigoma iliangukia mikononi mwa Wabelgiji Julai 1916, nao wakakaa hadi 1921 walipowakabidhi Waingereza. Askari anakula kila siku, na hajalima.

Mwingereza alipoingia alikuja na njia zake mbili. Ya kwanza ni mihogo. Kote Tanganyika watu waliamriwa kulima mihogo kama kinga ya njaa, na asiyelima alitozwa faini. Wazee wengi wanaikumbuka amri hiyo kwa uchungu, lakini kwa haki yake lazima tuseme kwamba mhogo ni ghala la chini ya ardhi. Unaweza kuuacha shambani mwaka wa pili ukauchimba siku ya shida, na panya wa nyumbani hana habari nao. Njia ya pili haikuitwa ya chakula, lakini iligusa chakula. Miaka ya 1930 watu wa sehemu za Kibondo na Kasulu walikusanywa katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o na malale. Wakati huo huo vijana wa Uha walikuwa wakishuka kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, manamba kama walivyoitwa. Ulezi unataka mikono mingi ya kupalilia, kukata suke moja moja, kupura na kupepeta. Mikono ikiwa Tanga, nani atapura? Mahindi yanapandwa na kuvunwa na mama na watoto wake. Yakaingia taratibu, yakapendwa, na ulezi ukabaki wa pombe na wa uji wa mzazi.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo panapotaka kuangaliwa. Uha ilibadili nafaka inayojilinda ikachukua nafaka inayotaka mlinzi, na kihenge kikabaki kile kile.

Kisha tukapata uhuru wetu, na baada yake likaja Azimio la Arusha na vijiji. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kabisa. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, kabla amri ya kuhamia vijijini haijaenea nchi nzima. Shabaha ilikuwa njema, shule, zahanati na maji karibu na watu, na mtu asiyeziona shule za Kasulu za leo atadanganya akisema hapakuwa na faida. Lakini kihenge hakipakiwi kwenye lori. Kimejengwa juu ya mawe yake, na ukikibomoa unabaki na fito na nyasi. Nafaka ilimiminwa kwenye magunia, ikalala chini ya maturubai na kwenye vibanda vya muda, huku mashamba ya zamani yakiwa mbali na nyumba mpya.

Ukame wa 1973 na 1974 ulitukuta katikati ya kuhama huko, nchi nzima. Bei ya nafaka duniani nayo ilikuwa imepanda vibaya sana. Serikali iliagiza mamia ya maelfu ya tani kutoka nje kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo, na mwaka 1974 ukasikika wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Nanyi wa mjini mlipata sehemu yenu katika miaka hiyo na ile ya mwanzo wa 1980, mkapanga foleni ya unga wa njano kutoka Marekani mlioubatiza jina la Yanga. Wapo waliouchukia kwa harufu yake, na wapo wapenzi wa Simba waliouchukia kwa jina tu.

Kutokana na msukosuko huo lilizaliwa ghala la taifa. Mwaka 1976 ilianzishwa akiba ya nafaka ya dharura, chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC. Lengo lililokuja kujulikana zaidi ni tani 150,000, na hesabu yake ni rahisi: zitoshe kuwatunza wenye njaa kwa miezi kama mitatu, ambao ndio muda wa kuagiza meli, kuisubiri, na kupakua Dar es Salaam. Mwaka 1991 akiba hiyo ilitolewa NMC ikawekwa chini ya Wizara ya Kilimo, na tangu 2008 iko chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wenye vituo vikubwa Makambako, Songea, Sumbawanga, Shinyanga, Dodoma, Arusha na Kipawa. Ukiitazama ramani utaona kuwa Kabanga iko mbali na vyote hivyo.

Kanuni ya ghala kama hilo ni moja, kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Nafaka inauzwa kabla ya kuchakaa, mpya inanunuliwa. Kuiandika ni rahisi. Msimu wa 1978/79 mavuno yalikuwa mazuri mno, NMC likanunua mahindi zaidi ya tani 200,000, na maghala hayakutosha. Ilipofika 1980 tulikuwa tunaagiza tena mahindi kutoka nje. Katikati palikuwa na vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, ni kweli, lakini palikuwa pia na tatizo la kihenge kwa ukubwa wa taifa, mahali pa kulaza nafaka.

Kilichonishangaza mimi kila ninaposoma habari za miaka hiyo ni jinsi neno "akiba" lilivyobadilika maana. Kabla ya 1984 mtu hakuruhusiwa kusafirisha nafaka nyingi kutoka wilaya hadi wilaya bila kibali, na vizuizi vya barabarani vilihakikisha hivyo. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwepo na waliumiza watu, hilo halina ubishi. Lakini wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka sabuni, vitenge na magunia ya sukari yaliyotupwa usiku kwenye vichaka, na si kila aliyetupa alikuwa mlanguzi. Mstari kati ya mwenye akiba na mwenye kuhodhi ulikuwa mwembamba, na hakuna mwananchi aliyependa kuuchorewa na mgambo. Mwaka 1984 mtu akaruhusiwa kusafirisha hadi kilo 500 bila kibali, na 1987 mpaka huo nao ukaondolewa.

Na hapa ndipo anapoingia mgeni wetu mkuu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 wakulima wa Tabora, upande wa Urambo, walianza kulalamika kwamba mahindi yao yanageuka unga ghalani bila kusagwa. Fukusi walikuwa wanamjua tangu enzi. Huyu alikuwa mwingine: mdudu mdogo wa rangi ya kahawia iliyokoza, mwili kama kipande cha risasi ya penseli, kichwa kimejificha chini ya shingo. Wataalamu walimtambua kuwa ni Prostephanus truncatus, mwenyeji wa Meksiko na Amerika ya Kati, ambaye hakuwahi kuonekana Afrika. Wakulima walimwita dumuzi, na wengine kule Tabora wakamwita Skania, kama yale malori. Inaaminika kuwa aliingia na mahindi yaliyotoka nje. Yaani, kwa lugha nyepesi, gunia lililokuja kutuokoa na njaa ya mwaka mmoja lilibeba tumboni njaa ya miaka mingi iliyofuata.

Mwaka 1983 alikuwa amefika Taveta, Kenya. Mwaka 1984 alikuwa Burundi. Tazama ramani tena, ndugu msomaji: kati ya Tabora na Burundi kuna nini? Kuna Uha.

Dumuzi hakuwa fukusi wa kawaida kwa sababu alivunja kanuni ya zamani kuliko zote. Wasomaji wa Biblia na wa Kurani wanakijua kisa cha Yusufu na miaka saba ya shibe. Katika Kurani ushauri wake unakwenda mbali zaidi, kwamba nafaka iachwe ndani ya masuke yake. Wakulima wa Afrika nao walifanya hivyo na mahindi: waliyaacha na magunzi yake, na mara nyingi na maganda yake, wakayaning'iniza juu ya moshi au kuyapanga kihengeni, wakapukuchua ya kula tu. Ganda zuri lilimzuia fukusi. Kwa dumuzi mambo ni kinyume. Punje zikiwa zimebanana kwenye gunzi hupata pa kujikazia, akasukuma na kutoboa kama keekee ya seremala. Punje zikiwa zimelegea humponyoka. Katika baadhi ya maghala ya Tanzania mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake yalipoteza karibu theluthi ya uzito kwa miezi isiyozidi sita. Tena hali mahindi peke yake. Hutoboa mihogo mikavu, hutoboa mti wa kihenge, hujificha humo mpaka mavuno mengine. Makopa ya mihogo, ile kinga ya njaa ya Mwingereza, yakawa chakula chake cha pili.

Basi katika miaka ya 1980 serikali, ikisaidiwa na FAO, ilizunguka ikiwaambia wakulima jambo ambalo babu zao wangelicheka: pukuchueni yote mara baada ya kukausha, changanyeni na dawa ya unga, wekeni kwenye gunia au kihenge kilichosafishwa. Dawa nayo ilikuwa na kisa chake. Ile iliyomuua fukusi haikumtosha dumuzi, na ile iliyomuua dumuzi haikumtosha fukusi, ndipo zikachanganywa mbili katika pakiti moja, Actellic Super, gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Wataalamu walimleta hata adui wa dumuzi kutoka kwao, mbawakawa mwingine anayemla, akaachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Anasaidia porini. Ghalani mwako usimtegemee.

Fikiria sasa mama wa Kabanga. Kupukuchua magunia saba kwa mkono ni kazi ya siku nyingi. Dawa inataka fedha taslimu, mwezi ule ule ambao ada na deni la mbolea vinadai. Na mahindi yaliyopukuchuliwa na kutiwa guniani yana sifa moja ambayo mahindi ya kihenge hayakuwa nayo: yako tayari kupakiwa. Mchuuzi akija, hakuna kazi iliyobaki. Sijui kama waliotoa ushauri ule walilifikiria hilo. Dumuzi alisukuma chakula kutoka kihengeni hadi guniani, na kutoka guniani hadi sokoni ni hatua moja.

Ghala la nne lilikuja na wakimbizi. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, na watu wakavuka mpaka kwa mafuriko. Kasulu ilipata kambi za Mtabila na Muyovosi. Kibondo nako kukafunguliwa kambi. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta wengine kupitia ziwani, na Nyarugusu ikazaliwa. Mara wilaya ambazo akiba yake ilikuwa juu ya vigingi zikaona maghala ya Mpango wa Chakula Duniani, WFP: magunia yamepangwa juu ya chaga, mbali na ukuta ili mtu apite kukagua, rundo zima likafunikwa turubai zito na kufukizwa kwa gesi, kila gunia likiwa na hesabu yake. Kwa utunzaji, sijaona la kuwasahihisha. Mahindi, maharage na mafuta vilifika kwa reli ya kati na malori, vikagawiwa, na sehemu ikavuka ua wa kambi kwenda kwa wenyeji kwa kubadilishana na mihogo, ndizi, kuni na vibarua. Kwa miaka mingi Uha ilikula kwa sehemu kutoka ghala ambalo funguo zake zilikuwa Roma na katika mabunge ya nchi wahisani.

Funguo hizo zilionekana wazi Agosti 2017. WFP ilitangaza kwamba mgawo katika kambi za Kigoma umeshuka hadi asilimia 62 ya mahitaji kwa sababu fedha zimepungua. Mahitaji kamili yenyewe ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Dumuzi hakuhusika, wala mvua, wala ukungu. Kilichopungua kilikuwa kwenye karatasi ya bajeti, maelfu ya kilomita kutoka Makere. Lakini sufuria iliyopungua ilikuwa ya Kasulu, ndani ya ua na nje yake.

Nimetaja kwamba akiba huua, na nisipoeleza mtaniona mtia chumvi. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyowekwa na unyevu. Mwaka 2016 ilikuwa zamu yetu, Dodoma na Manyara, na watu karibu 20 walipoteza maisha. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na kupika hakuiondoi. Wengi wa waliokufa walikuwa wakila chakula cha nyumbani kwao, walichokilima na kukihifadhi wenyewe. Ndiyo maana nasema suala hili si la wadudu tu. Mahindi hayana budi kushuka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi kabla ya kufungiwa, na nyanda za juu, penye ukungu wa asubuhi na mvua inayochelewa kukata, hazitoi siku nyingi za jua la uhakika.

Mtu hana mashine ya kupima unyevu, lakini ana chumvi. Chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi cha kufika robo, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Ikibaki chini bila kuganda, fungasha. Watu wa Uha wana sababu ya kulipenda jaribio hili: chemchemi za chumvi za Uvinza zimechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na misafara ilizifuata kutoka mbali.

Baada ya chupa, kuna mfuko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walikuwa Kameruni wakisaidia wakulima wa kunde, wakatengeneza mfuko wa tabaka mbili za plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida. Siku hizi mifuko ya namna hiyo inauzwa hapa nchini. Ukiijaza nafaka kavu, ukaikamua hewa na kuifunga tabaka moja moja, wadudu waliomo hutumia oksijeni iliyobaki, kisha hukosa pumzi. Hakuna dawa. Ila dumuzi anaweza kutoboa plastiki kama nafaka ilikuwa na wadudu wengi tangu mwanzo, na panya hajali sayansi, kwa hiyo mfuko unataka chaga chini yake na paka karibu. Tena ukiufungua kila juma kuchota, unampa mdudu hewa. Afadhali mfuko mmoja wa kula na mingine isiguswe.

Mimi nina neno moja kwa wakubwa wa kilimo, na sisemi kwa hasira. Tani za Makambako na Songea ni lazima ziwepo. Hakuna kihenge cha nyumba kitakachohimili ukame wa miaka miwili. Lakini ghala la taifa lilikadiriwa kwa miezi mitatu, na miezi mitatu hiyo ilidhani kwamba nyumba ina miezi yake minane. Tumeshughulika sana na ile mitatu. Ruzuku ya mbolea tunayo, ya kukuza mavuno. Ya kuyalaza mavuno hatuizungumzi kwa sauti ile ile. Na ulezi, nafaka ambayo haijawahi kumhitaji FAO ghalani, tumewaachia wagonjwa na watengeneza pombe. Hata mhogo hauna uhakika wa zamani, tangu batobato kali iliyoanzia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 iliposhuka hadi Kagera na Kigoma.

Ukipita Kabanga mwezi Julai utaona mahindi na maharage yameanikwa kwenye maturubai mpaka kandokando ya barabara, na lori limeegeshwa karibu. Mchuuzi anapima kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu hadi debe saba au nane huku likilipwa kama la debe sita. Mwuzaji anajua anapunjwa. Anajua pia kwamba shule inafunguliwa, kwamba pakiti ya dawa dukani huenda ni ya mwaka jana, na kwamba akiyaweka bila dawa dumuzi atachukua zaidi ya mchuuzi. Anafanya hesabu, anauza magunia matano, anabakiza mawili. Mwezi Januari, mvua ikiwa imekolea na shamba likiwa la kijani lisilolika, atakwenda sokoni kununua mahindi ya kula. Safari hii watampimia kwa kilo.